Je, ni ukaidi kubaki na Windows 7?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina kompyuta mpakato ya mwaka 2012: prosesa ni Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, diski ni ile ya kuzunguka. Ilikuja na Windows 7 na ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Naandika ripoti, natunza picha, naingia kwenye akaunti yangu ya benki, na nina skana ya zamani ambayo haikubali kompyuta nyingine yoyote hapa nyumbani. Kijana wangu ana Windows 11. Nimeitumia wiki nzima, sikuipenda. Rafiki yangu naye aliweka Windows 10 kwenye mashine kama hii yangu, ikawa nzito haifai. Kijana anasema ni uzee tu unanisumbua. Mimi namwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Nani yuko sahihi, na nifanyeje?

JIBU: Salama, mzazi mwenzangu. Umefanya jambo ambalo wengi wanaobishana juu ya mifumo endeshi hawalifanyi: umetaja mashine na umetaja kazi. Bila hivyo viwili, maneno ya "ya zamani ilikuwa bora" na "mpya ndiyo yenyewe" huwa ushabiki mtupu.

Kijana wako yuko sahihi kwamba Windows 7 uiache, ila sababu anayoitoa siyo. Wewe nawe una haki zote za kutoipenda Windows 11, ila haki hiyo haifiki mpaka kwenye kuingia benki kwa mfumo ambao wenyewe waliouunda walishaacha kuutengeneza. Mnabishana juu ya vitu viwili mkidhani ni kimoja.

Mfumo endeshi una sura na una undani. Sura ni kitufe cha Start kilipo, kinachotokea ukibofya kulia, madirisha yanavyojipanga, na maswali ambayo mashine inakuuliza kabla haijakutii. Undani ni kiini kinachogawa kumbukumbu kati ya programu, draiva zinazozungumza na vifaa, na kinga inayozuia programu moja isiingie mahali isipotakiwa. Mapenzi ya mtu kwa mfumo fulani, karibu yote, yako kwenye sura. Hatari ya uzee iko kwenye undani. Na viwili hivi havizeeki kwa pamoja.

Jaribu mwenyewe. Kwenye Windows 7 yako fungua kidirisha cha amri (Command Prompt), andika ver, kisha bonyeza Enter. Itakujibu namba inayoanza na 6.1. Vista, Windows iliyoitangulia na iliyotukanwa na kila mtu, ilikuwa 6.0. Fanya hivyohivyo kwenye kompyuta ya kijana wako: Windows 11 itakujibu kwa namba inayoanza na 10.0, sawa na Windows 10. Sura imebadilika sana, undani umesogea hatua tu. Kutoka Windows 98 kwenda XP ilikuwa kinyume chake. Mtu wa nyumbani aliiona menyu ya Start anayoifahamu ikiwa imepakwa rangi, kumbe chini yake msingi wa zamani uliokuwa umejengwa juu ya DOS, mfumo wa kizamani wa kuandika amri, ulishang'olewa na kuwekwa kiini cha NT, ambacho timu ya Dave Cutler pale Microsoft ilikitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1993 kwa ajili ya maofisi.

Nianze na sura, maana hapo ndipo unaponyimwa haki yako.

Fungua folda yoyote kwenye Windows 11 na ubofye kulia kwenye picha. Orodha ndefu uliyoizoea haipo. Kata, nakili, badilisha jina na futa vimekuwa vialama vidogo vilivyopangwa safu moja, na katika matoleo ya mwanzo havikuwa hata na maneno. Programu nyingi ulizozisakinisha mwenyewe huzioni mpaka ubofye mstari wa chini kabisa unaokuahidi chaguo zaidi. Ukiubofya, inachomoza orodha ileile ya zamani. Haikuondolewa, ilifichwa nyuma ya mpya, na kazi iliyokuwa ya mbofyo mmoja sasa ni ya miwili. Anayefanya hivyo kutwa nzima ana haki ya kununa.

Tazama na upau wa kazi. Tangu Windows 95 ungeweza kuuburuta ukauweka juu au ubavuni mwa skrini. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ikaukaza chini, na waliokuwa wameuweka pembeni kwa miaka wakaambiwa ndivyo ilivyo. Njoo kwenye utafutaji: ukiandika jina la faili kwenye menyu ya Start ya Windows 7, unaletewa kilichomo kwenye kompyuta yako. Siku hizi unaletewa na matokeo ya intaneti ambayo hukuyaomba. Njoo kwenye masasisho: Windows 7 ilikupa nafasi ya kusema "niambie yapo, nitachagua mwenyewe", ila toleo la nyumbani la Windows 10 likaifuta nafasi hiyo mwaka 2015. Na kwenye Windows 11 ya nyumbani, kawaida huwezi hata kumaliza kuiandaa mara ya kwanza bila intaneti na bila akaunti ya Microsoft.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ni mazoea tu. Mazoea ni pale kitu kinapohamishwa kutoka kushoto kwenda katikati nawe ukakitafuta kwa siku tatu. Haya mengine ni uwezo uliokuwa nao ukapokonywa. Wala hayawapati wazee peke yao. Mwaka 2011 mazingira ya GNOME, yaani menyu na madirisha yanayotumika kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure usio wa Microsoft, yalibadilishwa sura yote katika toleo la 3, na Linus Torvalds, yeye mwenyewe aliyeianzisha Linux mwaka 1991, akayakosoa hadharani na kuhamia Xfce, mazingira mepesi yenye sura ya kizamani. Huwezi kumwambia huyo kwamba haelewi kompyuta. Wengine hawakuishia kulalamika: walichukua msimbo wa GNOME 2 wakauendeleza kwa jina la MATE, na watu wa Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, wakatengeneza Cinnamon, yenye menyu pembeni na upau chini, ili wasiotaka mapinduzi wapate pa kukaa. Lishike hilo, nitalirudia.

Sasa nikugeukie wewe, maana kumbukumbu nayo inadanganya.

Mifumo tunayoililia tunaikumbuka ilivyokuwa mwishoni mwa maisha yake, kisha tunailinganisha na mpya iliyotoka juzi. XP ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Leo inasifiwa kana kwamba ilishuka ikiwa kamili, lakini ilipotoka Oktoba 2001 wengi waliicheka kwa rangi zake za kitoto, na jambo la kwanza walilofanya ni kuirudisha kwenye mandhari ya kijivu ya zamani. Ukuta wake wa kinga ulikuja ukiwa umezimwa. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kikawa kinaingia kwenye kompyuta iliyounganishwa tu na mtandao, bila mwenyewe kubofya chochote, na mashine zikawa zinajizima zikihesabu sekunde kwenye skrini. XP ambayo watu wanaikumbuka kwa mapenzi ni ile ya baada ya Agosti 2004, Microsoft ilipotoa furushi la pili la marekebisho na kuuwasha ukuta wa kinga. Embe lile lilisifiwa lilipoiva. Mwanzoni lilikuwa chachu kama mengine.

Windows 95 na 98 ndiyo kabisa. Kuna watu wanazikumbuka kwa wepesi, na kweli 95 iliweza kuwaka kwenye RAM ya MB 4 (ikihemea juujuu, lakini iliwaka). Ila programu moja iliyokosea iliweza kuiangusha mashine nzima, na kazi ambayo hukuihifadhi ikaenda nayo. Ndani yake kulikuwa na kihesabio cha milisekunde cha biti 32 ambacho kilijaa baada ya siku 49.7, na kompyuta ikaganda. Kasoro hiyo ilichukua miaka kugundulika, na sababu inasikitisha na kuchekesha: ni mashine chache mno zilizoweza kukaa siku zote hizo bila kuanguka kwa sababu nyingine.

Na Windows 7 yako uipendayo, nimekwisha kukuonyesha namba yake. Vista ilipotoka Januari 2007 ilibadilisha namna draiva zinavyofanya kazi, ikaleta ulinzi unaouliza kabla programu haijagusa mambo ya mfumo, na ikawekwa kwenye kompyuta zisizoiweza. Watu wakaikimbia. Miaka miwili na ushee baadaye, Oktoba 2009, undani uleule ukaja ukiwa umenolewa, draiva zimeshaandikwa, kompyuta zimeongezeka nguvu, na ulinzi umepunguziwa maswali. Wakaipokea kwa mikono miwili. Mengi ya unayoyapenda kwenye 7 yalizaliwa kwenye mfumo ambao pengine uliukataa.

Kwa upande wa Apple hadithi ni ileile. Mac OS X 10.6 ya mwaka 2009 ina wapenzi wake mpaka leo, na wengi walibaki nayo kwa sababu toleo lililofuata, la 2011, liliacha kuendesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya prosesa za PowerPC, ambazo Apple ilizitumia zamani. Waliobaki walikuwa na hesabu zao: kuhama kungewagharimu programu walizozizoea, na pengine faili za kazi zilizofungwa ndani ya programu hizo.

Nije kwenye uzito alioupata rafiki yako, maana hapo anaonewa mtu asiye na kosa. Kwenye karatasi, Windows 7 na Windows 10 zinadai kiasi kilekile cha RAM: GB 1 kwa toleo la biti 32 na GB 2 kwa la biti 64. Tofauti iko kwenye tabia. Windows 10 na 11 ziko na shughuli wakati wote huku nyuma: zinatafuta masasisho, zinakagua virusi, zinaorodhesha faili ili utafutaji uwe wa haraka, zinatuma taarifa za matumizi. Kila shughuli inachota vipande vidogovidogo kutoka pembe tofauti za diski. Diski ya kuzunguka ina sindano moja inayohama huku na huko, na kwa uchotaji wa namna hiyo inaweza kutoa vipande kama mia hivi kwa sekunde. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata ikiwa ya kawaida, inatoa maelfu kwa maelfu. Mwambie rafiki yako abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja dakika chache baada ya kuwasha, kisha atazame safu ya diski. Nina hakika ataikuta imegota kwenye asilimia 100 ilhali prosesa imekaa haina kazi. Kompyuta yake haijazeeka kiasi hicho. Imekabwa na diski. Hilo ni shina la malalamiko mengi ya "mfumo mpya ni mzito", na dawa yake ni kubadilisha diski, si kubadilisha mfumo.

Ingawa sitaki kuwatetea mno. Programu za leo zinakula kumbukumbu bila aibu kwa sababu wanaoziandika wana mashine zenye nafasi, na kivinjari chenye kurasa kumi kinaweza kumaliza RAM yako yote kabla mfumo endeshi haujadai chake. Wepesi wa zamani haukuwa ndoto. Waandishi wa programu walibana matumizi kwa sababu hawakuwa na la kufanya.

Sasa undani, na hapa sitakubembeleza.

Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 7 kwa watu wa kawaida tarehe 14 Januari 2020. Mashirika yaliyolipia muda wa nyongeza yakasogezwa mpaka Januari 2023. Watu huichukulia tarehe ya namna hiyo kama ya kuisha kwa dhamana: kitu bado kinafanya kazi, basi kuna ubaya gani? Ubaya uko hivi. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya usalama, kwa mifumo inayohudumiwa. Wadukuzi huchukua faili kabla ya kiraka na baada yake, wakazilinganisha mstari kwa mstari, wakaona ni wapi palipozibwa. Sehemu kubwa ya msimbo wa Windows imerithiwa toleo hadi toleo, kwa hiyo tundu lililozibwa leo kwenye Windows 11 mara nyingi lipo vilevile kwenye 7, na huko halitazibwa. Kiraka cha wengine kinageuka ramani ya kuingilia kwako. Ndiyo maana mfumo ulioachwa hauko salama leo kama ulivyokuwa jana. Kila mwezi unaopita matundu yake yanayojulikana yanaongezeka.

Mfano ambao haukusahaulika ni WannaCry ya Mei 2017. Ilifunga faili za watu na kudai malipo, ikavuruga hospitali nyingi za Uingereza, na ilipita kwenye tundu la huduma ya kushirikiana faili ndani ya mtandao. Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha dharura hata kwa XP, iliyokuwa imeachwa tangu Aprili 2014. Lakini watu wengi hukosea wanapoisimulia hadithi hii. Mashine zilizoambukizwa zaidi hazikuwa za XP, zilikuwa za Windows 7, na Windows 7 wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa. Kiraka chake kilitoka Machi, miezi miwili kabla, ila wenyewe hawakukiweka. Umri wa mfumo peke yake haukuwa kipimo. Kipimo kilikuwa kiraka, na wewe leo huna hata hicho cha kuchelewesha.

Kivinjari nacho. Chrome iliacha kuisaidia Windows 7 mapema mwaka 2023. Toleo la mwisho kukubali lilikuwa la 109. Firefox ilivumilia kwa muda zaidi na toleo lake la 115. Mtu anayeingia benki anapita kwanza kwenye kivinjari, halafu kwenye vyeti vinavyothibitisha kwamba tovuti ni ya benki kweli. Vyote viwili vinachakaa. Siku moja utaona ukurasa haufunguki au unatoa onyo, nawe utashawishika kubofya "endelea". Hapo ndipo wanapoibiwa watu makini.

Je, mfumo wa zamani hauna mahali pake? Unapo. Kuna mashine za kukata vyuma na vifaa vya maabara vinavyoendeshwa na DOS au XP mpaka leo, na kuvibadilisha kungemaanisha kubadilisha kifaa kizima. Ukikata waya wa mtandao na kuziba njia ya flashi zinazotoka kila mahali, XP ya mwaka 2001 inaweza kuendelea na kazi yake moja mpaka vyuma vichoke. Wapenda michezo ya zamani na wapenda kuandika bila usumbufu nao hawana kosa. Mimi mwenyewe naona Windows 2000 ndiyo yenye sura iliyotulia kuliko zote zilizowahi kutolewa na kampuni ile: kijivu, kila kitufe kinaonekana ni kitufe, hakuna kinachorukaruka. Ningeirudia sura hiyo kesho asubuhi. Undani wake nisingeutaka hata kwa zawadi.

Mfumo mpya una mazuri ambayo pengine hukuyaona wiki ile. Kinga ya virusi imo ndani na inafanya kazi, wakati kwenye 7 ilibidi uitafute mwenyewe. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na V unapata orodha ya ulivyonakili karibuni, si cha mwisho tu. Kwenye skrini zenye nukta nyingi maandishi hayawi madogo kama chungu. Windows ya kuanzia 8 inakuwezesha kuirudisha mashine mwanzo bila kutafuta diski ya usakinishaji. Kwa macho na masikio yanayochoka, kuna manukuu yanayojiandika yenyewe mazungumzo yanapotoka kwenye kompyuta, kwa lugha ambazo mfumo unazitambua. Hayo yana uzito wake kwa anayeyahitaji.

Basi ufanye nini na mashine hiyo.

Windows 11 rasmi haiingii. Inadai RAM GB 4, ambayo unayo, lakini inadai pia moduli ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache za kizazi cha saba. Ukiwa na jina kama i5-3320M, ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: uko cha tatu. Njia za kuukwepa ukaguzi zipo na kijana wako huenda anazijua. Sikushauri, kwa sababu Microsoft imeshasema haitoi hakikisho la masasisho kwa mashine zilizopitishwa mlango wa nyuma, na utakuwa umebeba sura usiyoipenda bila uhakika wa undani unaoutafuta. Windows 10 nayo usiipapatikie: huduma yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya watu wa kawaida ni ya mwaka mmoja tu, mpaka Oktoba 2026. Ungehama leo ukafunge mizigo tena kesho.

Ningekuwa wewe ningenunua SSD, ningeongeza RAM ifike GB 8 kama nafasi ipo, kisha ningeweka Linux Mint yenye Cinnamon, au yenye Xfce ukibaki na GB 4. Nilikuambia ulishike lile la waliogoma mwaka 2011. Haya ndiyo matunda yake. Menyu iko kona ya chini kushoto. Upau uko chini na unauhamishia utakako. Ukibofya kulia unaona orodha nzima. Masasisho yanakuja na kijialama kinachosubiri mpaka utakapoamua. Toleo la 22 linahudumiwa mpaka mwaka 2029. Kwa mtu aliyezoea Windows 7, hakuna mfumo hai unaofanana nayo kwa tabia kuliko huo, Windows 11 ikiwemo. Ripoti zako utaziandika kwa LibreOffice, inayofungua faili za Word. Zile zenye majedwali magumu zikague macho kwa macho kabla ya kumtumia mtu, maana mpangilio huweza kuyumba. Benki utaingia kwa Firefox ya leo.

Na huhitaji kuniamini. Linux Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu flashi ni ya polepole, lakini itatosha kukuonyesha kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, na zaidi ya yote kama skana inakubali. Kuhusu skana nina matumaini. Kwenye Windows draiva ya kifaa cha zamani hufa pale mtengenezaji anapoamua kutoiandika upya. Kwenye Linux draiva nyingi za skana zimo ndani ya mradi wa SANE, msimbo wake uko wazi, na anayejitolea anaweza kuuendeleza hata kiwanda kikifungwa. Chomeka, fungua programu ya kuskani, weka karatasi, uone. Ikikataa, kuna programu ya kulipia iitwayo VueScan ambayo imebeba draiva zake yenyewe za maelfu ya skana, inafanya kazi kwenye Linux na kwenye Windows, na unaweza kuijaribu kabla ya kutoa pesa.

Ukiamua hutaki Linux kabisa, basi ni kompyuta nyingine yenye Windows 11, nayo inafugika. Kwenye mipangilio ya upau wa kazi hamishia vialama kushoto. Shikilia Shift ukibofya kulia, orodha ya zamani inakuja moja kwa moja bila kuzunguka. Zima mapendekezo kwenye menyu ya Start. Ukitaka zaidi, Open-Shell ni programu ya bure inayokurudishia menyu yenye umbo la Windows 7. Hutaipata 7 yote, ila kero itapungua kwa kiasi cha kuweza kuishi nayo.

Vyovyote utakavyochagua, diski ya zamani usiifute. Ichomoe ikiwa na Windows 7 yako kamili, ibandike karatasi yenye tarehe, uiweke mahali pakavu. SSD ikiingia, ile inabaki kuwa njia ya kurudi: ukikwama ndani ya mwezi wa kwanza unairudisha kwa bisibisi na dakika kumi, na kama skana itagoma kila mahali, unaweza kuirudishia siku ya kuskani, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Lakini kabla hujaichomoa, nakili picha zote kwenye diski ya nje, kisha nenda nayo kwenye kompyuta ya kijana wako ufungue chache kutoka kila folda. Diski ya mwaka 2012 imezunguka miaka mingi, na inaweza kuchagua siku hiyohiyo kukata roho. Nenosiri la benki libadilishe ukishahamia kwenye mfumo mpya, usilibadilishie huko huko kwenye 7.